Gari Lilifia Penye Kivuli



Mwaka jana Mwalimu Mkuu aliniomba nije kusema maneno machache katika kanisa la shule, siku ile wanafunzi wa zamani wanapokusanyika. Akanipa na jambo la kusemea, nalo ni shukrani. Nilifurahi sana, kwa maana niliona ni jambo rahisi. Nani asiyejua kusema habari za shukrani? Nikaketi usiku tatu mfululizo, nikaandika kurasa nne, nikazipiga pasi kwa mkono, nikazitia katika mkoba wangu.

Hotuba ile haikusomwa. Sababu zake ndizo nitakazozieleza hapa, kwani nadhani zina faida kuliko hotuba yenyewe.

Nilipanda basi Kampala alfajiri, nikitumaini kufika Fort Portal kabla ya saa sita. Safari ni kama kilometa 300, na ibada ilikuwa saa nane, basi nilijiona mtu mwenye nafasi nyingi. Tulipita Mityana, tukapita Mubende, na watu walikuwa wakisinzia. Kisha tukasikia kishindo, moshi mweupe ukatoka mbele, na basi likasimama. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika, na maji ya rejeta yalikuwa yakichemka kama chungu cha maharagwe. Dereva akashuka, akatazama, akasema hapana budi mtu arudi Mubende kwa pikipiki akanunue mkanda mwingine.

Ndugu zangu, sitawaficha mambo niliyoyafanya. Nilimlaumu dereva. Nikamlaumu mwenye basi, ingawa hakuwapo. Mwisho nikamgeukia utingo, kijana aliyelingana na wanafunzi wetu wa kidato cha nne, nikamwambia maneno makali mbele ya watu, kana kwamba mkanda ule aliukata yeye kwa meno yake. Kijana yule hakunijibu neno. Alichukua dumu, akaenda kutafuta maji. Nami nikabaki nimesimama barabarani na mkoba wangu, na ndani ya mkoba zilikuwamo kurasa nne za habari za shukrani.

Kando ya barabara palikuwa na mwembe mkubwa. Mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa nyuma yangu katika basi alikuwa ameshuka zamani, ametandika leso yake chini ya mwembe, amevua viatu. Akasema kwa Kitoro, nami naliweka kwa Kiswahili: “Mungu ashukuriwe, gari limefia penye kivuli.”

Nilidhani anafanya mzaha. Lakini nilipotazama nyuma, niliona mlima mtupu tuliotoka kuushuka, hapana hata kichaka. Nikatazama mbele, nikaona kinamasi cha mafunjo, na jua limekiwakia chote. Katika sehemu ile yote mti ulikuwa huo mmoja. Gari lingalikufa dakika mbili kabla, au dakika mbili baadaye, tungalikaa juani mchana kutwa pamoja na watoto wachanga waliokuwamo. Jambo hili lilikuwa wazi mbele ya macho yangu, nami sikuliona, kwa sababu nilikuwa nikitazama saa.

Yule mama akaniuliza empaako yangu. Wasomaji wa Toro na Bunyoro hawana haja ya kuelezwa. Lakini kwa ajili ya wengine nitasema ya kwamba ni jina la heshima na upendo ambalo kila mtu kwetu hupewa, katika majina machache yanayojulikana na wote, na ndilo watu wanaloulizana wakisalimiana. Mtu akikuuliza empaako yako amekutoa katika ugeni. Nikajibu, “Amooti.” Akasema, “Haya, Amooti, njoo ukae, nafasi ipo.” Nikakaa.

Hapo ndipo nilipopata kujua safari yake. Alikuwa anakwenda upande wa Kyenjojo kumzika ndugu yake, tumbo moja. Maziko yalikuwa saa nane mchana. Yule aliyekwenda Mubende alirudi na mkanda, ukawa si saizi yake, ikambidi kurudi tena. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Saa nane ilipofika yule mama alinyamaza, akageuza uso upande wa Kyenjojo, nasi tuliokuwa karibu naye tukanyamaza pamoja naye. Machozi yalimtoka kidogo, akayafuta kwa ncha ya leso. Nusu saa baadaye basi likawaka.

Nimefikiri mara nyingi juu ya mama yule. Hakusema ya kwamba kifo cha ndugu yake ni chema. Hakusema ya kwamba ni vizuri kukosa kumzika. Alikuwa na mambo mawili, na yote mawili yalikuwa kweli: ndugu yake amekufa, na kivuli kipo. Hakulitumia la pili kulifuta la kwanza, wala hakuliacha la kwanza limnyime la pili. Mimi kwa upande wangu sikuwa na msiba wowote, ila kuchelewa, na bado kivuli kilikuwa kimenipita.

Kabla hatujaondoka nilimwendea yule utingo, nikamwomba radhi. Akacheka, akasema, “Hakuna neno, mzee, wengine hupiga.” Jibu lile nalo lilinitia aibu yake.

Tulifika jioni, saa kumi na moja. Ibada ilikuwa imekwisha, na mwalimu mmoja wa hapa alikuwa amehubiri mahali pangu, na watu wakaniambia ya kuwa alihubiri vizuri. Nilikuta watu wanakula. Nikapewa sahani, nikatafuta mahali pa kukaa, na mtu niliyekaa karibu naye alikuwa rafiki yangu ambaye sikumwona zaidi ya miaka ishirini.

Sasa hapana budi nieleze jambo la zamani, ambalo si la sifa kwangu.

Rafiki yangu huyu na mimi tulikuwa bweni moja, kitanda chake juu na changu chini. Muhula wa pili wa kidato cha nne baba yake alifariki. Akaenda kuzika, akarudi, lakini karo haikupatikana tena, na baada ya majuma machache akaambiwa arudi nyumbani. Nilimkuta bwenini anapanga vitu vyake katika sanduku la bati. Wakati ule mimi nilikuwa katibu wa umoja wa Wakristo wa shule, nami nilikuwa nimeshika kwa moyo lile shauri la Mtume Paulo kwa Wathesalonike, la kushukuru katika mambo yote. Nikaona hapa ndipo pa kulitumia. Nikamwambia ashukuru. Nikamwambia huenda jambo hili ni baraka iliyofichika, na ya kwamba Mungu hakosi. Alinitazama, akafunga sanduku, akatia kufuli. Kengele ya masomo ya jioni ikalia, nami nikaenda darasani, nikiamini ya kuwa nimeshuhudia vema. Hata langoni sikumsindikiza.

Jioni ile ya mkutano, tukiwa na sahani zetu magotini, tuliongea habari nyingi. Yeye sasa ni fundi seremala, ana karakana yake, ameajiri vijana wanne. Kisha nikamwuliza kama anaikumbuka siku ile aliyoondoka. Akasema anaikumbuka yote. Nikamwuliza kama anayakumbuka maneno yangu. Akanyamaza kidogo, akasema:

“Ndugu yangu, maneno yako yaliniuma kuliko kurudishwa nyumbani. Ofisi ilinikataa kwa sababu ya fedha, na hilo nililifahamu. Lakini wewe ulipokuja na maneno ya Mungu, nilijiona kama Mungu naye yuko upande wa ofisi.”

Sikuwa na la kujibu. Kisha akanisimulia jambo ambalo sikulijua. Alipopita jikoni na sanduku lake, mpishi mzee alimwita. Hakumwuliza neno. Alimfungia muhogo wa kuchemsha katika jani la mgomba, na chumvi kidogo katika kipande cha karatasi. Akavua aproni yake, akamtwika lile sanduku kichwani mwake mwenyewe, akamsindikiza mpaka barabara kuu, akasimama naye hata lori likapatikana. “Muhogo ule,” akasema rafiki yangu, “niliula kidogo kidogo mpaka nyumbani. Nimeushukuru mpaka leo.”

Nikamwomba radhi. Akaniambia, “Kula, chakula kinapoa.”

Basi, wasomaji wangu, katika siku moja nilifundishwa mara mbili, na jambo ninalotaka kulisema katika karatasi hii ni hili. Katika taabu yangu mwenyewe ni wajibu wangu kutafuta kivuli, hata kikiwa kidogo, na kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini katika taabu ya mwenzangu sikupewa kazi ya kumwonyesha kivuli kwa kidole. Nimepewa kazi ya kuwa kivuli. Mama mzee alishukuru katika msiba wake mwenyewe, na shukrani yake ilinifanya nione aibu na kutengenezeka. Mimi nilimwamuru mwenzangu ashukuru katika msiba wake, na amri yangu ilikuwa jiwe juu ya mzigo. Wazee wetu walikwisha kusema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tena walisema mgonjwa haulizwi uji. Mpishi yule aliyafahamu haya yote pasipo kuwa katibu wa umoja wowote.

Labda mtu atauliza, je, si Biblia yenyewe inayotuagiza kushukuru? Naam, inatuagiza. Lakini na tuangalie ni nani aliyeagiza. Paulo alipowaandikia Wathesalonike alikuwa amekwisha kutolewa katika mji wao usiku kwa sababu ya ghasia, kama tusomavyo katika sura ya kumi na saba ya Matendo ya Mitume. Hao aliowaandikia nao walikuwa wakiteswa kwa imani ile ile. Yeye hakuwa mtu aliyeshiba akimhubiria mwenye njaa. Na waraka wake uliojaa furaha kuliko zote, ule kwa Wafilipi, aliuandika akiwa mfungwa. Mtu aliye na minyororo anayo ruhusa ya kusema habari za furaha, na sisi tukimsikia twaamini.

Tazama pia rafiki zake Ayubu. Waliposikia misiba yake walikuja kutoka mbali, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, pasipo kusema neno. Hiyo ndiyo kazi njema waliyoifanya. Makosa yao yalianza walipofumbua vinywa kumweleza kwa nini mambo haya yamempata, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia. Nami naona ya kuwa wengi wetu twafanana nao, ila hatuzingojei hizo siku saba.

Mfano mwingine ni wa Eliya. Alipomkimbia Yezebeli alikwenda jangwani, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amwondolee uhai wake. Nabii mkubwa kama yule! Malaika alipomjia hakumkemea, wala hakumkumbusha ushindi wake wa mlimani Karmeli. Alimgusa, akamwambia aamke ale. Kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Akala, akalala tena. Na malaika akamjia mara ya pili vivyo hivyo. Baada ya kula mara mbili ndipo alipopata nguvu za kwenda Horebu, na huko Horebu ndiko Mungu aliposema naye. Mkate ulitangulia, maneno yakafuata. Na mti ule jangwani nao, nadhani, ulikuwa na kivuli chake.

Hapa kwetu tunaye shahidi wa jambo hili, na wanafunzi wa Toro wasikose kumjua. Apolo Kivebulaya alikuwa Mganda aliyebatizwa mwaka 1895. Jina la Kivebulaya, yaani kitu cha kutoka Ulaya, alipewa na watu kwa sababu ya koti jekundu la kiaskari alilopenda kulivaa. Alikuja Toro kufundisha, na mwaka 1896 akavuka milima ya Ruwenzori mpaka Mboga, ambayo leo imo katika Kongo. Walimu wawili waliomtangulia huko walikuwa wameondoka baada ya kunyimwa chakula, kwa kuwa mtawala wa Mboga, Tabaro, hakuyapenda mafundisho yao. Yasimuliwa ya kwamba Apolo aliposikia habari hizo alijinunulia jembe, akaenda nalo, kusudi asipopewa chakula alime mwenyewe.

Jembe lile ndilo ninalolipenda katika habari zake. Mlango wa chakula umefungwa. Lakini ardhi ipo, na mikono ipo, na jembe lapatikana. Mtu mwingine angalirudi Toro akieleza jinsi watu wa Mboga walivyo wagumu, na kila neno lake lingalikuwa kweli. Apolo alihesabu kilichobaki, akakiona chatosha kuanzia kazi.

Taabu zake hazikuishia hapo. Siku moja dada yake Tabaro alianguka juu ya mkuki katika nyasi akafa. Apolo akashtakiwa kwa ajili ya kifo hicho, akafungwa, akapelekwa Toro gerezani. Huko gerezani, katika huzuni nyingi, aliona maono: Kristo alimtokea akamtia moyo, akamhakikishia ya kwamba yu pamoja naye. Mashtaka hayakusimama, akaachiliwa. Naye alikwenda wapi? Alirudi Mboga kule kule. Na Tabaro aliyemtesa akaja kubatizwa. Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903, na katika uzee wake akaingia msituni kuwafundisha Wambuti. Alifariki Mboga mwaka 1933. Aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, ambako kazi ilikuwa bado. Kanisa la Kianglikana katika Kongo latokana na kazi ile.

Angalieni ndugu zangu, gereza halikugeuka kuwa si gereza. Mama wa watu alikuwa amekufa, na mtu asiye na hatia alikuwa amefungwa. Mambo hayo ni mabaya, na tuyaite mabaya. Lakini ndani yake palikuwa na kitu ambacho hakikufungwa.

Nitatoa mfano mmoja wa mbali, kwa ajili ya wale wanaosema ya kuwa shukrani ya namna hii ni ya watu wa zamani tu. Katika vita vya pili vya dunia, mwaka 1944, dada wawili Waholanzi, Betsie na Corrie ten Boom, walifungwa katika kambi ya Ravensbrück, Ujerumani, kwa sababu jamaa yao iliwaficha Wayahudi. Nyumba waliyotiwa ilijaa viroboto. Betsie akasema washukuru hata kwa ajili ya viroboto. Corrie aliona dada yake amezidi kiasi. Baadaye wakapata habari ya kwamba walinzi hawakutaka kuingia katika chumba kile kwa kuogopa viroboto, na kwa sababu hiyo wanawake wale waliweza kuisoma Biblia pamoja bila kusumbuliwa. Betsie alifariki humo kambini Desemba ya mwaka ule. Corrie alitoka akiwa hai, akaisimulia habari hiyo mpaka uzee wake. Ninawaomba mwone neno moja tu: Betsie alishukuru kwa viroboto vilivyomuuma yeye mwenyewe. Angalikuwa mlinzi aliyesimama nje, akiwaambia wafungwa washukuru kwa viroboto, tungalimwitaje?

Sasa niseme na ninyi mlioko shuleni, kwa maana najua maisha ya huko. Najua siku ambayo maji ya kuoga yamekwisha kabla zamu yako haijafika. Najua maharagwe yenye wadudu na posho iliyoungua. Najua jinsi moyo unavyoanguka majina ya timu yakibandikwa na lako halimo, au karatasi ya hesabu ikirudishwa na wino mwekundu umeifunika. Haya si mateso ya Apolo. Lakini ndiyo tuliyopewa ya kujifunzia. Asiyejizoeza kutafuta kivuli siku ya maharagwe mabovu hatakitafuta siku ya msiba.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu, nayo yote nimeyajaribu mwenyewe tangu siku ile ya mwembe.

La kwanza, mtu awe na daftari dogo, na kila jioni aandike jambo moja au mawili mema yaliyompata, hasa siku mbaya. Aandike jambo lenyewe, si maneno makubwa. Asiandike “uzima na afya” kila siku, kwa maana hayo huandikwa na mkono peke yake, moyo haupo. Aandike: leo fulani amenikopesha sabuni, leo mvua ilinyesha tukiwa tumekwisha kuanua nguo. Haba na haba hujaza kibaba. Bwana wetu alipowalisha watu elfu tano hakuwaacha wanafunzi wake wadharau mabaki. Aliwaagiza wayakusanye, vikajaa vikapu kumi na viwili. Mabaki yasiyookotwa hukanyagwa, na baraka ndogo ndivyo zilivyo.

La pili, shukrani isiwe pazia la kufunika ubaya. Siku ile dereva alikiri ya kwamba mkanda ulikuwa umechakaa tangu muda mrefu, na mwenye basi alikwisha kuambiwa. Basi abiria tulishukuru kwa mwembe, na tena tukaandika jina la kila mtu katika karatasi tukaipeleka kwa mwenye basi kudai matengenezo. Mambo hayo mawili hayagombani. Maharagwe yakiwa mabovu, ule ukishukuru, kisha viranja waende kwa adabu kumwambia mwalimu wa zamu. Zaburi nyingi ni malalamiko kwa Mungu mwenyewe, naye hakuzitoa katika Biblia yake.

La tatu ndilo kubwa. Ukimwona mwenzako katika dhiki, weka kinywa chako akiba, utumie mikono. Mchotee maji. Mpe daftari lako anakili masomo aliyokosa. Kaa naye. Kama anaondoka, mbebee sanduku mpaka barabarani, hata kengele ikilia; adhabu ya kuchelewa darasani haidumu miaka ishirini, na mimi najua kinachodumu. Kisha kama siku moja yeye mwenyewe ataona kivuli katika taabu yake na kukuambia, furahi pamoja naye. Neno hilo likitoka kinywani mwake lina thamani.

Na kwenu wenzangu tulio nje, nina neno moja. Kila mwaka twaja hapa, twala, twapiga picha, twakumbushana majina ya utani, na ni vizuri. Lakini katika mabweni yale yale tuliyolala, muhula huu yuko kijana anayepanga vitu vyake katika sanduku. Hatuwezi kuwasaidia wote. Ila kila mmoja wetu, au watatu watatu wakiungana, aweza kumwuliza Mwalimu Mkuu jina la mmoja, na kulipa kilichopungua pasipo kutangaza. Rafiki yangu seremala, ambaye shule ilimrudisha nyumbani, amekwisha kuanza na kijana mmoja. Aliniambia habari hiyo kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja deni lake. Nilimwuliza kwa nini, naye akasema, “Ule muhogo lazima niulipe, na mzee mwenyewe amekwisha kufariki.”

Kurasa zangu nne bado ninazo. Nimezigeuza upande wa pili, na huko ndiko ninakoandika mambo yangu ya kila jioni. La kwanza kabisa linasema: gari lilifia penye kivuli.

Mungu awabariki nyote, na muhula mwema.

Mwanafunzi wa Zamani